Nilivyofuata Makaratasi hadi Mugumu

Kipindupindu kilichozuka Kinondoni, Dar es Salaam, mwezi Agosti 2015 kilikwenda mkoa kwa mkoa mpaka kikaifikia karibu nchi nzima, na mwaka 2016 Mara ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyokuwa ikihangaika nacho. Hadi wimbi lile lilipokuja kutulia, miaka kadhaa baadaye, walioandikishwa kuugua Bara na Visiwani walikuwa zaidi ya 30,000 na waliokufa walipita 500. Magazeti yalikuwa yakitoa idadi ya wagonjwa kila wiki. Mhariri wa jarida nililokuwa nikiliandikia alikuwa na wazo jingine.

"Wagonjwa wanaandikwa na kila mtu," alisema. "Lakini kuna mabango na vipeperushi vinachapwa hapa mjini kwa maelfu, vinapakiwa, vinaondoka. Vinafika wapi? Anavisoma nani? Wewe fuata makaratasi."

Nikayafuata. Mimi ni mtoto wa Tanga niliyelowea Dar es Salaam, na upande wa ziwa nilikuwa sijavuka Mwanza. Majirani walipopata habari kwamba nakwenda Tarime, mkoani Mara, kila mmoja alikuja na ushauri wake, na wote ulikuwa mmoja: dada, usibishane na mtu. Sisi watu wa pwani Wakurya, wenyeji wa huko, tunawajua kwa vichekesho na kwa kuwaona jeshini. Mtu aliyewahi kufika kwao akajionea hakupatikana mtaa mzima.

Mabango yalisafiri kama abiria wengine. Katoni zilishindiliwa kwenye buti ya basi, zimezungushiwa utepe wa gundi na kuandikwa kwa wino mzito TARIME – AFYA – HARAKA, kisha juu yake yakalazwa mabegi, magodoro na jokofu la mtu aliyekuwa akihamia Shinyanga. Neno HARAKA halikumsaidia mtu. Singida gari liligoma, fundi akaingia chini yake na tochi mdomoni, na tulipoingia Mwanza usiku ulikuwa umeshakwenda mbali. Asubuhi katoni zikahamishwa kwa kirikuu kutoka Nyegezi hadi Buzuruga, zikapanda basi jingine, nami nikazifuata.

Barabara ya kutoka Mwanza kwenda Musoma na Sirari inapendeza kwa anayeiona mara ya kwanza. Ziwa linakufuata mkono wa kushoto, linapotea, linarudi. Unapita Magu, unapita Lamadi, na baada ya hapo mkono wa kulia ni Hifadhi ya Serengeti yenyewe, ncha yake ya magharibi, inayoteremka karibu kabisa na lami. Nilikuwa nimeahidiwa pundamilia. Niliona nyani, wamekaa kando ya barabara wakisubiri maganda ya ndizi za abiria.

Kazi niliyotumwa niliianzia Bunda, nikiwa bado kwenye kiti. Dereva alikuwa amefungulia redio, likaja tangazo la kipindupindu, sauti ya mama anayeonya kwa upole: epuka matunda yaliyomenywa, epuka vyakula vinavyouzwa barabarani, kunywa maji yaliyochemshwa. Tangazo likiwa katikati basi lilisimama, madirisha yakazingirwa na mabeseni ya mahindi ya kuchemsha, mayai, sato wa kukaanga, matango, na machungwa yaliyomenywa yakapangwa vizuri. Baba aliyekaa mbele yangu alinunua machungwa manne, akampa mkewe mawili. Yule mama wa redioni alikuwa bado anaonya. Hakuna aliyecheka, maana hakuna aliyeona la kuchekesha. Chupa ya maji pale ilikuwa bei ya machungwa kadhaa, na jua la saa saba lilikuwa limeshaingia ndani ya basi.

Tulivuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, mafunjo pande zote mbili hadi macho yanapoishia, tukaingia Rorya, tukapita Utegi, kisha barabara ikaanza kupanda. Tarime ni baridi. Hilo halikuwamo kwenye vichekesho. Mji uko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, umezungukwa na mahindi, migomba na kahawa, na asubuhi ukungu unakawia kuondoka mabondeni. Fedha ya Kenya inapokelewa sokoni bila maswali, kwa kuwa Sirari na Isebania ziko mwendo mfupi tu, na Mkurya wa huku na wa kule ni ndugu. Huko ng'ambo, Migori, kipindupindu kilikuwa kimeingia mwanzoni mwa 2015, miezi kadhaa kabla ya kuzuka kwetu Dar es Salaam.

Bwana afya aliyenipokea alifungua katoni ya kwanza kwa ufunguo wa pikipiki, akalitandaza bango moja juu ya meza. Karatasi nzito, ya kung'aa, rangi zote. Katikati alisimama mwanamke aliyevaa vizuri, ananawa mikono kwenye sinki jeupe, bomba la chuma likimwaga maji. Kumzunguka kulikuwa na picha ndogo tisa, kila moja na agizo lake: chemsha maji ya kunywa, nawa mikono kwa sabuni na maji tiririka, tumia choo bora, funika chakula, kula chakula kikiwa cha moto, osha matunda, usitupe kinyesi ovyo, zoa taka, wahi kituo cha kutolea huduma. Chini kabisa zilipangwa nembo za waliochangia gharama. Nembo zilikuwa kubwa kuliko maandishi.

"Zuri," alisema bwana afya. "Gundi imekuja?"

Gundi haikuja. Tulifungua katoni zote.

"Basi tutapika."

Kupika ni kupika kweli. Mhudumu aliinjika sufuria nyuma ya ofisi, akakoroga uji mzito wa unga wa muhogo, ukaachwa upoe, na ndoo ya uji pamoja na brashi ya kupakia chokaa vikafungwa nyuma ya pikipiki. Uji wa muhogo unashika vizuri. Tatizo lake ni mbuzi. Kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji cha kwanza tulibandika mabango matatu saa nne asubuhi. Tuliporudi kupita pale mchana lilikuwa limebaki moja na nusu, na mbuzi aliyekuwa na ile nusu ya pili mdomoni alikuwa ameshafikia agizo la saba. Baada ya hapo bwana afya akanifundisha kanuni yake: bango linabandikwa juu ya kimo cha mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili. Kanuni nzuri, ila kwa kimo hicho mtoto wa darasa la kwanza hafiki, na bibi mwenye macho ya uzeeni anaambulia lile sinki tu.

Na sinki lilikuwa na maswali yake. Kwenye zahanati moja nilimkuta mama mwenye mtoto mgongoni amelikazia macho bango kwa muda mrefu. Nikafurahi, nikamsogelea. "Huyu mama," aliniuliza, "ni wa wapi?" Hakuwa akikejeli. Alikuwa akitafuta nchi ambayo mtu anasimama wima ananawa mikono ndani ya nyumba, naye maji yake yanatoka chemchemi, kichwani, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi.

Vipeperushi, vile vidogo vya kugawa mkononi, vilikuwa na maisha mengine. Sokoni Tarime nilinunua karanga, nikapewa ndani ya karatasi iliyoviringishwa, nikaitazama: "Wahi kituo cha". Sehemu iliyobaki ilikuwa kwenye karanga za mtu mwingine. Mwenye meza alikuwa kijana mchangamfu, akaisifu bidhaa yetu bila kuombwa. "Hii karatasi ni nzuri, dada. Haipitishi mafuta."

Sitaki kuwacheka waliochapa. Maagizo yote tisa yalikuwa kweli tupu. Vimelea vya kipindupindu huingia kwa mdomo, kupitia maji au chakula kilichoguswa na kinyesi cha mgonjwa. Mtu akianza kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele anaweza kuishiwa maji mwilini na kufa ndani ya saa chache. Na mtu huyohuyo akirudishiwa maji na chumvi mapema anapona, kiasi kwamba panapotolewa matibabu kwa wakati wanaokufa hawafiki mmoja kati ya mia. Ugonjwa unaoua upesi hivyo na kutibika kwa urahisi hivyo unahitaji sana maneno. Lakini bango lile, pamoja na uzuri wake, lilikuwa na amri tisa na halikuwa na jibu hata moja la swali ambalo kila mtu aliuliza: wapi? Wahi kituo, kipi? Kambi ya kipindupindu ya hapa iko shule gani, uwanja gani? Dawa ya kutibu maji inauzwa duka gani, na kwa kiasi gani?

Niliyemwona akiyajibu maswali hayo alikuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mama wa makamo, anayeishi jirani na Nyamongo. Nyamongo imekuzwa na dhahabu. Mgodi mkubwa wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na nje ya uzio wake wamejaa waliokuja kutafuta riziki: vyumba vya kupanga vimebanana, mstari mzima choo kimoja, maji yananunuliwa kwa madumu. Mama huyu naye alipewa mabango. Hakuyabandika. Alilikunja moja akaliweka kwenye mkoba, akawa analitoa pale tu mtu alipomtilia shaka, kama askari kanzu anavyotoa kitambulisho.

Kazi yake ilikuwa mdomo. Kwa bibi kizee alisema Kikurya, kwa wapangaji waliotoka Geita na Shinyanga akasema Kiswahili, na hakuna alikosema mambo tisa. Aliingia, akaamkiana na watu, akapokea kigoda, kisha akauliza jambo moja: "Maji ya kunywa ya leo yako wapi?" Wakimwonyesha ndoo, anaanzia kwenye ndoo.

"Mnasema tuchemshe," mwenye nyumba mmoja alimjibu, tena kwa ukali kidogo. "Sisi hapa tuko tisa. Kuni za kuchemshia maji ya watu tisa utaniletea wewe, mama?"

"Kuni sina, mwanangu. Nina hiki." Akatoa kidonge cha kutibu maji. "Kimoja kwa ndoo ya lita ishirini. Funika, ngoja nusu saa, mnywe. Vikiisha vipo duka la pembeni ya mashine ya kusaga. Ukikuta na pale vimeisha, njoo kwangu usiku au mchana."

Maji ya chumvi na sukari aliyafundisha hivyohivyo, kwa vyombo vilivyomo ndani. Pakiti za dawa zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi, na mgonjwa anyweshwe huku akipelekwa, siyo kwanza anyweshwe ndipo ifikiriwe kumpeleka. Lita utaipimaje? Chupa mbili za bia, zioshwe vizuri. "Chupa ya bia haikosi nyumba yoyote hapa," aliniambia tulipotoka, akanikonyeza. "Hata kwa mlokole."

Kwenye shule ya msingi ya jirani nilionyeshwa kibuyu chirizi, na nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Kidumu cha mafuta ya kula cha lita tano kimetobolewa kwa msumari wa moto chini kidogo ya mdomo, kikatundikwa kwenye mti uliolazwa juu ya panda mbili. Kamba inatoka shingoni mwa kidumu hadi kwenye kijiti kilicholala ardhini. Unakanyaga kijiti, kidumu kinainama, maji yanachirizika. Mikono haigusi kitu ila maji na sabuni. Sabuni nayo imetobolewa katikati, ikaning'inizwa ndani ya chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, kwa sababu kunguru wa Nyamongo wanaiba sabuni. Chini yake wamemwaga kokoto pasije pakawa tope. Msichana wa darasa la tano alinielekeza pa kukanyaga, akaniacha nikanyage kwa nguvu mno nikaloa viatu, ndipo akanionyesha vizuri. Gharama yote ilikuwa msumari na kamba. Bango la sinki lilikuwapo ukutani, hatua chache kutoka pale, zima kabisa, na hapakuwa na mtoto aliyelitazama.

Msibani sikutarajia kupelekwa. Mtu mzima alikuwa amefia kambini, akazikwa kwa utaratibu wa kipindupindu, maiti imenyunyiziwa klorini na kuzikwa haraka bila kurudishwa nyumbani kuoshwa, jambo linalouma ukoo wowote. Sasa watu walikuwa wamejaa nyumbani kwake na ng'ombe ameshaanguka. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawapa maofisa afya nguvu nyingi wakati wa mlipuko. Bwana afya angeweza kufika na polisi, akapiga marufuku chakula, akaondoka na lawama. Alifika na pipa lenye koki na sabuni. Na usiku uliotangulia, nikaja kuambiwa, alikuwa amekwenda kukaa kwa mzee wa ukoo mpaka jogoo wa kwanza.

Mzee aliinuka kwenye kiti chake, akaegemeza fimbo kwenye pipa, akakunja mikono ya koti. Alinawa polepole, vidole kwa vidole, watu wote wakimtazama, akaikausha hewani bila kugusa kitambaa. Akasema maneno machache kwa Kikurya. Nikamuuliza kijana aliyekuwa karibu yangu. "Anasema asiyenawa hali na sisi." Foleni ikajipanga yenyewe. Nyama ilipakuliwa ya moto, kila mtu sahani yake, hakuna sinia. Kichuri, kile chakula cha Wakurya ambacho mgeni anaambiwa asiondoke bila kukionja, siku hiyo hakikuletwa.

Nilikwenda kumwamkia. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umetoka Dar es Salaam kuja kuandika tunavyonawa mikono?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi andika kwamba nilianza mimi."

Nimeandika. Na nimewahi kufikiria mara nyingi ule usiku wa bwana afya nyumbani kwa mzee, hasa ninapokumbuka habari za kwingine. Septemba 2014, kijijini Womey nchini Guinea, msafara uliokwenda kueleza watu kuhusu Ebola ulishambuliwa, wakauawa wanane, wakiwamo waandishi wa habari. Novemba 2019, huko Lwemba, Ituri, mashariki mwa Kongo, mtangazaji wa redio ya jamii Papy Mumbere Mahamba, aliyekuwa akiendesha vipindi vya Ebola, aliuawa nyumbani kwake. Wote walikuwa wamebeba habari za kweli. Watu wanaojua kazi hii hawaanzi na habari. Wanaanza na anayeileta: amekaa na watu kiasi gani, na kama atakuwapo kesho.

Kutoka Nyamongo barabara ilikuwa ya vumbi jekundu, ikiteremka hadi Mto Mara kabla ya kuingia Wilaya ya Serengeti. Mto unatoka msitu wa Mau nchini Kenya, unapita Masai Mara na hifadhi yetu, kisha unakuja kunywewa hapa na ng'ombe na watu. Tulisimama darajani dereva apoze injini. Akina mama walikuwa wakichota upande mmoja, vijana wakiogesha ng'ombe upande wa pili. Mto huohuo ndio uliochafuka Machi 2022, maji yakawa meusi na samaki wakaelea wamekufa. Kamati iliyoundwa na waziri ikasema chanzo ni vinyesi na mikojo ya ng'ombe pamoja na majani yaliyooza, na nchi nzima ikaingia kwenye mjadala, wengi wakikataa kuamini. Sina maabara, siwezi kuamua ugomvi ule. Ninachojua ni kwamba taarifa yoyote ya maji itakayobandikwa kando ya mto ule itasomwa na watu wanaokumbuka 2022.

Mugumu, makao makuu ya Serengeti, ni mji wa biashara ulio jirani kabisa na hifadhi, wenye pikipiki nyingi kuliko magari ya watalii na hospitali ya Wamennonite yenye jina la Nyerere. Mabango ya kipindupindu yalikuwa yameshanitangulia: sinki lilelile, nembo zilezile. Ningeweza kugeuza siku hiyohiyo. Kilichonibakiza ni karatasi nyingine, iliyobandikwa kwenye mwembe wa kijiji kimoja nje ya mji, nyeupe, bila picha. CHANJO YA MBWA NA PAKA. Kijiji, Mahali, Tarehe, Saa. Mbele ya kila neno nafasi tupu, na nafasi zimejazwa kwa mkono. Chini, kwa herufi kubwa kuliko zote: BURE. Jioni yake gari la kipaza sauti lilipita likisema hayohayo, wala halikuongeza neno.

Asubuhi walikuja. Wengi walikuwa watoto, maana mbwa wa huku ni wa kuchungia na mchungaji ni mtoto. Mbwa walivutwa kwa minyororo, kwa kamba za katani, kwa mipira ya baiskeli iliyokatwa; mmoja aliletwa kwenye toroli, mwingine ndani ya gunia kichwa kikiwa nje. Karani alikuwa akiandika jina la mwenye mbwa na jina la mbwa. Simba walikuwa wengi. Alikuwapo Polisi, na mbwa mdogo mweusi aitwaye Deni, ambaye baba mwenye nyumba alikataa kueleza alipatikanaje. Sindano moja, kadi, utepe shingoni, anayefuata. Ugomvi uliotokea ulikuwa wa mbwa kwa mbwa.

Hapo nilikuwa nimekanyaga, bila kujua, mahali panapojulikana duniani kwa shughuli hiyo. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa mbwa, uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, na macho ya watafiti yakageukia mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Kati ya 1996 na 2001 Sarah Cleaveland na wenzake waliendesha chanjo ya mbwa katika Wilaya ya Serengeti na kuilinganisha na Musoma ambako udhibiti uliendelea kama zamani. Serengeti visa vya kichaa cha mbwa vilishuka kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza na asilimia 97 baada ya pili, na watu walioumwa na mbwa walioshukiwa kuwa na kichaa wakapungua. Musoma hali haikubadilika. Marehemu Dk. Magai Kaare, daktari wa mifugo Mtanzania, aliongoza utafiti uliochapishwa 2009 na kuonyesha kwamba kwa vijiji vya wakulima wenye mifugo, kama hivi vya Serengeti, kuwaita watu kituo kimoja kijijini kunatosha kufikisha kiwango kinachotakiwa cha asilimia 70 ya mbwa. Kwa wafugaji wa upande wa Ngorongoro, waliotawanyika mbugani, hakutoshi, ni lazima uwafuate, kwa mfano kupitia wahudumu wa mifugo wanaoishi nao. Yaani hata tangazo zuri lina mipaka yake ya kijiografia, na kuna mtu aliyeona inafaa kuipima.

Mstari ulipopungua alikuja baba na mtoto wa kiume wa miaka kama minane. Hawakuwa na mbwa. Mtoto alikuwa ameumwa mguuni na mbwa asiyejulikana, ambaye baadaye hakuonekana tena. Kidonda kilipakwa majani yaliyotwangwa na kilikuwa kinaelekea kukauka, ndiyo maana baba aliona aulize tu kwa kuwa anapita. Mchanjaji aliweka sindano chini. Alimwambia kwamba kukauka kwa kidonda hakumaanishi kitu, kwamba kichaa kikishaanza kuonekana kwa mtu hakuna dawa, na kwamba chanjo inayozuia ipo na bado inawezekana. Kisha akafanya jambo ambalo sijaona bango likilifanya: alipiga simu. Akauliza kama chanjo ya watu ipo leo, akauliza mpaka saa ngapi, akauliza gharama. Akageuza kadi ya mbwa, akaandika nyuma yake jina la hospitali, dirisha la kuulizia na kiasi cha fedha, akampa baba. Bodaboda ikaitwa. Waliondoka wote wawili nyuma ya dereva, kadi iko mkononi mwa mtoto.

Takwimu zinasema kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na makadirio yaliyotolewa mwaka 2002 yaliiwekea Tanzania karibu vifo 1,500 kwa mwaka. Msomaji aliyeumwa na mbwa, awe mbwa wa jirani au wake mwenyewe, na hata kama ni mkwaruzo, aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, asilifunge wala kulipaka kitu cha kienyeji, na aende kuuliza chanjo siku hiyohiyo. Kama zimeshapita siku, aende hivyohivyo.

Kipindupindu nacho kilirudi mkoani Mara mwaka 2023. Wanaochora na kuchapa mabango wako Dar es Salaam na Dodoma, wengi wao wasomaji wa ukurasa huu, na ombi langu kwao ni dogo. Pale chini zinapokaa nembo, acheni mistari mitupu: kituo cha karibu, kambi ilipo, duka lenye vidonge, bei, namba ya simu ya mhudumu wa kijiji. Ndani ya katoni wekeni kalamu za wino mzito na gundi ya kutosha. Mtendaji wa kijiji atajaza yaliyobaki kwa mkono wake, na jina lake aliandike pia, ili watu wajue wamwulize nani.